Jemedari Hapandi Ndege

Jumapili, 3 Agosti

Nimeteuliwa! Kikao cha ukoo kimekaa leo baada ya ibada, nyumbani kwa shemeji Catherine, Mungaa. Mtoto wake Noel anaoa. Binti anaitwa Emiliana, kwao Mtwara. Posa inapelekwa Jumamosi hii, saa kumi jioni. Baba yake Noel, kaka yangu mkubwa, hatunaye tena. Kwa hiyo wa kusimama mahali pake ni mimi, Nathanaeli, mdogo wake wa pekee. Mimi ndiye msemaji. Nililia kidogo, nikasingizia moshi wa jikoni. Kaka ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na hakuwahi kunicheka.

Furaha ilidumu mpaka chai. Shemeji akatangaza kwamba nitasindikizwa na kaka yake, Gasto. Gasto! Mkulima wa vitunguu, mwimba besi kanisani, mtu anayefikiri kabla ya kuitikia salamu. Shemeji akaongeza, mbele ya wote, kwamba nikiharibu, Gasto atasema badala yangu. Nikauliza niharibu nini. Kikao kizima kikatazama chini.

Noel ametuma tiketi za ndege. Dodoma mpaka Dar, Dar mpaka Mtwara, Jumamosi asubuhi. Gasto hajawahi kupanda ndege. Mimi pia sijawahi, ila yeye alilisema hilo kwa sauti. Mimi nilisema tu kwamba siku hizi viti wamevibana mno.

Jumatatu, 4 Agosti

Uamuzi: Jemedari anakwenda Mtwara.

Jemedari ni pawabenki yangu. Kubwa, nyeusi, nzito, haina mpinzani mjini Singida. Naikodisha kwenye misiba, sherehe na mikutano, kutoka kibanda changu cha kuchaji simu hapa Utemini. Ubavuni ina lebo ya dhahabu: 200,000 mAh. Lebo niliitengenezesha mwenyewe kwa Rukaiya wa steshenari. Kutoka kiwandani ilikuja na namba ndogo ya aibu, mteja akiisoma anasonya na kuondoka. Rukaiya aliniuliza aweke sifuri ngapi. Nikamwambia aendelee mpaka nafasi iishe.

Kusema kweli, na hapa nasema kwa sababu hakuna anayesoma, Jemedari anachaji simu mbili. Ya tatu anaiombea.

Lakini fikiria ukumbi wa wakwe. Simu zinazima moja baada ya nyingine. Msemaji kutoka Singida ananyanyuka, anafungua mkoba, anamtoa Jemedari. Nani atatuita washamba? Halafu hotuba yangu yote iko kwenye simu, na simu yangu haimalizi saa mbili bila kuchomekwa. Mke wangu Elina amenishauri niiandike hotuba kwenye karatasi. Nimemwambia karatasi ni mambo ya akina Gasto.

Jumatano, 6 Agosti

Noel amepiga simu, kisha ametuma ujumbe mrefu wa masharti ya ndege. Mtoto ana wasiwasi sana. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, si kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege. Isizidi kiwango. Namba yake isomeke. Isitumike angani. Mengine sikumaliza, nilikuwa na mteja. Mwishoni ameandika: baba mdogo, msomee na mjomba Gasto, simu yake haipokei ujumbe mrefu.

Msomee na mjomba Gasto. Nilirudia maneno hayo mara kadhaa. Wazo likaja lenyewe, sikulitafuta.

Gasto ana pawabenki ndogo, zawadi ya Noel, kubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni. Jioni nikamkuta stendi amekuja kuuza vitunguu. Nikamsomea ujumbe. Nikaugeuza pahala pamoja tu. Nikamwambia pawabenki mkononi ni marufuku kabisa, inafungwa ndani ya begi kubwa, katikati ya nguo, ikiwezekana ndani ya suruali. Matarajio yangu: uwanjani mashine inalia, jina la Gasto linatangazwa kwenye spika, begi linafunguliwa mbele ya umati, nguo zake za ndani zinaona jua. Mtu akishapata aibu ya namna hiyo hawezi kufungua mdomo mpaka Mtwara. Nami nabaki msemaji pekee.

Gasto akafikiri. Akanishukuru kwa kumjali. Akanipa mfuko wa vitunguu nimpelekee Elina.

Nilijisikia vibaya kwa muda. Lakini vitunguu ni vizuri.

Ijumaa, 8 Agosti

Dodoma. Haji, dereva wa mtaani kwetu, ametuleta na gari lake, na amekubali kulala huku ili kesho atupeleke uwanjani. Leo ni Nane Nane, mji umejaa wakulima na matrekta, gesti zote zimefurika. Tumepata chumba kimoja. Kitanda kimoja. Haji amechagua kulala garini baada ya kukiona kitanda.

Mzigo wa heshima upo salama: kuku wanne wa kienyeji, Elina amewachoma wazimawazima, wamefungwa vizuri ndani ya boksi. Huwezi kutoka Singida kwenda kuposa mikono mitupu. Wakwe wanasubiri kuku wa Singida, Noel ameshawasimulia.

Nimemfanyia Gasto heshima ya kumsomea hotuba yangu. Akafikiri. Akasema ni nzuri, ila jina la binti limetajwa mara moja na Jemedari mara nne. Wivu mtupu! Kisha akapiga magoti kusali. Akasali kwa sauti, akaniombea mimi kwa jina, akamwomba Mungu anipe maneno ya kumfaa mtoto wa kaka yangu. Begi lake lilikuwa limesimama mlangoni, limefungwa, na pawabenki ndani ya suruali kama nilivyomwelekeza. Nikageukia ukutani.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya uwanja wa ndege. Ndege imeondoka. Gasto yumo. Mimi simo. Nieleze kwa utaratibu, maana watu watapotosha.

Kaunta ya mizigo kulikuwa na dada mmoja mpole, kwenye kitambulisho anaitwa Jesca. Akatupa shikamoo zetu, akapima begi la Gasto, kisha akauliza kama ndani kuna pawabenki au betri ya akiba. Hilo sikulitegemea. Kumbe wanauliza mapema! Gasto akafikiri, akasema ipo, iko ndani ya suruali. Akaitoa. Wala spika haikulia. Jesca akamweleza taratibu kwamba hiyo hukaa na abiria mwenyewe, kwa sababu betri ikipata moto juu kwenye viti watu wataiona na kuizima, ikiwa chini kwenye mizigo nani ataiona? Gasto akashukuru. Halafu akasema ndugu yake huyu alimwelekeza vingine, lakini asilaumiwe, naye ni mgeni wa ndege.

Mgeni! Foleni nzima imesikia!

Jesca akanigeukia, akaniuliza kama nami ninayo. Mtu mwenye akili zake angejibu kwamba anayo ndogo tu. Mimi nikamtoa Jemedari, nikamtua kaunta kwa kishindo, nikaisoma lebo kwa sauti, sifuri moja moja. Watu wakanyamaza. Nilidhani ni heshima.

Jesca akachukua kikokotoo, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Akasema kinachoruhusiwa ni wati-saa mia moja. Ukivuka hapo mpaka mia moja na sitini, unaomba kibali cha shirika la ndege. Ya kwangu, kwa mujibu wa lebo, inazidi mia saba. Haipandi. Si juu, si chini. Akanishauri, na wala hakunicheka, nimwachie aliyetusindikiza kisha nirudi haraka. Haji alikuwa pale nje, naona kabisa kupitia kioo, anakunywa chai.

Nikasema sawa. Nikatoka. Haji akaninyooshea mkono wa salamu. Nikampita.

Nimwache Jemedari kwa sababu Gasto ameniita mgeni? Nikajibanza nyuma ya nguzo, nikatoa ufunguo wa nyumba, nikaanza kukwangua. Dhahabu yote ikatoka. Nilitegemea chini yake nitaikuta ile namba ndogo ya kiwandani, niingie nayo kwa adabu. Haikuwepo. Ndipo nikakumbuka niliikwangua mwenyewe siku ile ya kubandika lebo, kwa umakini mkubwa, mtu asije akaiona.

Kwenye ukaguzi kijana mrefu akamshika Jemedari, akamgeuza huku na huku, akauliza namba iko wapi. Isiyo na maandishi nayo haipandi, kwa sababu hawajui ni ya ukubwa gani. Hapo nikafanya jambo ambalo linaniuma hata kuliandika. Nilisema ukweli. Nikamwambia afande, hii kitu ni ndogo sana, ni simu mbili tu, ile laki mbili niliibandika mimi.

Nyuma yangu sauti ya mama mmoja ikasema, kumbe! Mwanabaraka. Mwanabaraka wa duka la vitenge, Singida mjini, anakwenda Dar kuchukua mzigo. Alimkodi Jemedari kwenye sendofu ya binti yake, na simu ya mpiga picha ikazima kabla ya keki. Nilimwambia siku ile kwamba simu ya mpiga picha ndiyo mbovu. Mpiga picha akanunua mpya. Mwanabaraka akayaeleza yote hayo bila kupandisha sauti, na foleni ikasikiliza kama taarifa ya habari. Gasto akawa anaangalia viatu vyake.

Kijana akauliza, kama namba ya kwanza ilikuwa ya uongo na sasa hakuna namba kabisa, yeye aamini lipi. Akasema iache mzee wangu, abiria wameanza kuitwa. Gasto akanishika mkono, akaniambia kwa Kinyaturu kwamba twende, mtoto anatusubiri, hicho ni kidude tu.

Ningekwenda. Kweli kabisa ningekwenda. Lakini Mwanabaraka alikuwa bado ananitazama.

Nikaomba kwenda chooni. Nikaenda na boksi la kuku.

Sitaeleza yaliyofanyika humo kwa kirefu. Niseme tu kwamba kuku wa kienyeji ana nafasi kuliko mtu anavyodhani, na kwamba mafuta yalisaidia. Nikafunga boksi, nikanawa, nikarudi kwenye mstari nikipiga mluzi. Kijana akafurahi kuniona sina tena Jemedari. Boksi likaingia kwenye mashine. Kwenye kioo chao kuku watatu walikuwa kuku. Wa nne alikuwa na tumbo la mraba.

Kijana akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa wao. Mkubwa akawaita wengine waje waone. Nikaulizwa kile ni nini. Nikasema firigisi.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Kuku akapasuliwa. Jemedari akatoka anang'aa kwa mafuta. Nikapelekwa chumba cha pembeni kuandika maelezo, na yule kuku akawekwa mezani kama kielelezo. Gasto alisimama mlangoni mpaka wakamwita kwa jina, kwenye spika! Ndiyo, kwenye spika, lakini kwa heshima, kumwomba apande. Akaniuliza aseme nini kwa niaba ya kaka. Nikaitafuta hotuba. Simu ilikuwa imezima.

Akaondoka na kuku watatu. Mimi nimeachiwa saa sita, na onyo kali. Jemedari wamemzuia. Hata nikiruka kama kunguru sifiki Mtwara saa kumi. Haji amesema turudi nyumbani, na amesema hivyo bila kunitazama, kwa sababu akinitazama anacheka.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Kanisa limekuja kwangu: watu watano wamepita kibandani kuulizia bei ya firigisi. Mwanabaraka ana simu nzuri, inaonekana.

Noel amepiga. Posa imekubaliwa. Nikauliza Gasto alisema nini. Noel akasema mjomba alisimama, akakaa kimya muda mrefu mpaka watu wakaacha kutafuna, halafu akasema: baba wa huyu kijana hayupo, lakini angekuwepo, angewapenda. Akakaa. Mama yake Emiliana akalia.

Basi? Hayo tu? Yangu ilikuwa na utangulizi, salamu za mkoa, na historia ya umeme!

Noel akaniambia kwamba kikao kizima alikuwa anaangalia mlango. Alijua ndege imeshatua na mimi sikuwemo, lakini alikuwa anaangalia tu. Nilimwambia mtandao unakatika, nikazima simu kwa kidole changu mwenyewe. Mchana sikula. Elina aliniletea chakula, akakichukua, hakusema neno, na Elina akikosa neno ujue nimefika pabaya.

Jambo moja zaidi. Wakwe waliuliza baba mdogo yuko wapi. Gasto, ambaye hajawahi kudanganya hata kuhusu uzito wa gunia, aliwaambia naumwa. Alitaka kunitunzia heshima. Sasa wakwe wote wanajua naumwa.

Jumanne, 12 Agosti

Mzigo umefika kwa basi kutoka Mtwara! Korosho, mfuko mzima, za mgonjwa. Na salamu ndefu kutoka kwa baba yake Emiliana, kwamba nisijali, afya kwanza, wao wananiombea. Watu wastaarabu sana. Nimekula korosho nikiwa nimejilaza, ili nisiwe mwongo.

Baadaye amepiga mwenyewe kunijulia hali. Nikakohoa. Sijui kwa nini nilikohoa. Ilitoka vizuri, nikaongeza.

Alhamisi, 14 Agosti

Taarifa kubwa. Wakwe wanakuja. Baba na mama wa Emiliana, wanapanda ndege mpaka Dodoma, kisha gari mpaka Singida, Jumamosi, kumwona mgonjwa. Baba mtu amesema tarehe ya harusi haipangwi mpaka wamemwona anayesimama kwa nafasi ya baba amepata nafuu. Ndivyo walivyolelewa.

Shemeji Catherine amepiga simu saa moja asubuhi. Ameanza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyaturu, maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Kwa kifupi: mtoto wake asicheleweshwe hata siku moja kwa ajili yangu.

Gasto naye amekuja, kwa baiskeli, na vitunguu. Amekaa kwenye benchi la kibanda, akafikiri, akaniomba radhi kwa ule uongo. Akasema dawa yake ni rahisi: nipige simu leo, niseme nimepona, nawashukuru, wapange tarehe. Basi. Maneno matatu. Hata Noel amekubali. Noel amesema hana kinyongo, na siku ya harusi kiti cha baba yake ni changu, ila niende kwa basi.

Nilikaribia. Simu nilikuwa nayo mkononi, na ilikuwa na chaji.

Lakini nikafikiri, kwa mtindo wa Gasto. Mgonjwa aliyepona kwenye simu nani anamwamini? Watasema alikuwa haumwi. Wataulizia. Singida nzima inajua habari ya kuku, watu watawasimulia, na Noel ataaibika. La, kwa heshima ya marehemu kaka, lazima wageni wanikute naumwa, wanione kwa macho yao, kisha nipone mbele yao, Jumamosi hiyo hiyo, baada ya chakula. Watasema ni baraka za kuja kwao. Tarehe inapangwa hapo hapo. Hakuna panapovuja.

Tatizo moja: Gasto alisema naumwa, hakusema naumwa nini. Uzembe wa kutojiandaa! Kifua hakifai, kikohozi kinachosha. Nimechagua mguu, wa kushoto, kwa kuwa wa kulia nitauhitaji kufungulia dansi nikishapona. Magongo nimeyaazima kwa jirani. Elina ameniuliza mguu unahusianaje na kile kikohozi cha kwenye simu. Nikamwambia yeye si daktari.

Bandeji nimeifunga leo ili nianze kuizoea. Inapendeza, lakini kwa mtu anayetazama kutoka mlangoni inaonekana kidogo mno. Nimeongeza na shingo. Wageni wanatoka mbali.